Sidiria ya Jana

Shemeji,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wanatoka shule saa sita, uwapokee mwenyewe.

Nimempeleka dada hospitali. Asubuhi nimelibonyeza lile titi alilotengenezewa baada ya saratani, nione kama damu inafika, kama nesi alivyonifundisha. Rangi haikurudi. Jeusi, la baridi. Si tuliambiwa wote kwamba nyama imetoka mgongoni na mshipa wake unapita kwapani, pasibanwe? Jana ukamkazia sidiria, ukisema: "Wageni watacheka, moja limezidi jingine." Nikakuomba ulegeze, ukasema mtu wa darasa la saba asikufundishe habari za mkeo.

~~Njoo wodini mchana.~~ Usije, kaa na wageni wako. Daktari anasema leo wanalitoa. Halitazidi jingine tena.

Sidiria nimekuachia kitini.

Shemeji yako