Mteja Anataka Mdundo Bila Sauti ya Mke Wangu

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu zangu, na kama umenizidi umri basi shikamoo, nakuandikia nikiwa nimechoka mwili na roho, naomba uninyooshee mambo kabla sijakata tamaa kabisa.

Mimi ni fundi wa mafriji, nina mke na watoto, na nikitoka kazini nikishakula nakaa kwenye kompyuta natengeneza midundo, sio nyimbo, ni vile vipande vifupi vya kujirudia ambavyo mwanamuziki anavichukua na kujenga wimbo wake juu yavyo, na sauti nazirekodi mwenyewe pale karakana, mngurumo wa kompresa mbovu, mlango wa friji unavyojifunga pu!, bomba nikiligonga kwa spana, naunganisha mpaka hata mimi mwenyewe kichwa kinaanza kucheza. Tatizo ni soko. Nilianza kuvituma kwenye kundi la ukoo na kundi la mafundi wenzangu, wakanisifu sana, hongera kaka, una kipaji, lakini hakuna aliyechukua hata kimoja, na mjomba akaandika mbele ya watu wote, "Mbona simu yangu imekwama, inarudia palepale?" Shangazi naye akauliza maneno yako wapi, mtu ataimba nini hapo.

Basi nikaona mteja ni mfalme, nikaanza kuvirefusha, nikaweka sauti yangu mwanzoni, "hii ni kazi ya Fundi Friji", na maneno nikamwomba mama watoto aimbe maana ana sauti nzuri, yeye anafua mashuka hospitalini, anasimama kutwa nzima, lakini akirudi hajawahi kunikatalia, anauliza tu "leo tena?" halafu anaegemea kabati, anafumba macho, anaimba, na mimi moyoni nasema huyu mwanamke ananipenda, maana hiyo ndiyo saa yetu pekee ya kuwa pamoja. Ukoo wakafurahi, shangazi akapiga vigelegele, ila wanamuziki wote niliowatumia kimya.

Sasa juzi dada mmoja anayetengeneza matangazo ya redio ameniandikia, kazi yangu sijui hata aliipata wapi, anasema, "Kaka, huo mngurumo wa chini ni mtamu, nimeusikiliza mpaka basi. Nipe mtupu. Toa salamu, toa na huyo mama anayeimba, sina pa kumweka." Mshauri, niliona kama ameitukana nyumba yangu, sijamjibu mpaka sasa, maana nikimtoa mke wangu nitamwambia nini, kwamba sauti yake ndiyo inayofukuza wateja? Na nikimwacha humo aimbe nitasifiwa mpaka nizeeke. Nimefika mahali nasema niuze kompyuta tu yaishe. Nishauri kama mdogo wako.

Fundi Friji

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, umri nimekuzidi, hilo halina ubishi. Pole kwa uchovu. Pole ndiyo hiyo, sasa nikugombeze.

Ukoo wako haujakosea kitu. Mjomba ni msikilizaji, na msikilizaji anataka wimbo ulioiva. Wewe unasaga unga mzuri, halafu unaupeleka kwa watu waliokaa mezani na vijiko mkononi. Wakilalamika, unaumwagia maji palepale, unauharibu, na mpishi akija hana tena cha kupikia. Hivi kompresa ya friji unamuuzia fundi mwenzako au mama anayetaka maji baridi? Kazini unalijua hilo vizuri. Nyumbani umelisahau kwa sababu ya sifa.

Huyo dada wa matangazo ndiye wa kwanza kuielewa kazi yako, na ndiye uliyemnunia! Mjibu leo. Mtumie mdundo mtupu, mfupi, uliokatwa vizuri ili ukijirudia usijikwae. Jina la faili liseme kasi yake na kama ni wa furaha au wa huzuni. Jina lako liandike kwenye ujumbe, usilipige kelele juu ya muziki. Mkubaliane mapema ataulipiaje, kisha muulize wenzake wanapatikana wapi. Watafute pia wanaohariri video za harusi, walimu wa mazoezi ya viungo, vijana wa studio ndogo wasio na vyombo. Kila mmoja mpelekee vichache vinavyofaa kazi yake, usimmwagie mtu gunia zima mlangoni. Anayekuuliza "unao wa taratibu zaidi?" huyo ni mteja hata kama hajakusifu.

Sasa mkeo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapa ndipo nilipochoka kuliko wewe. Mtu amefua mashuka ya wagonjwa kutwa nzima, anarudi, anaegemea kabati, anafumba macho. Baba, huyo anasinzia! Unahangaika utamtoaje bila kumvunja moyo, na huenda mwenzako anasubiri kwa hamu hiyo ruhusa ya kwenda kukaa. Mjomba umemnukuu, shangazi umemnukuu, hata mgeni wa redio. Yeye umempa maneno mawili tu, na hayo mawili nayo hukuyasikia.

Kompyuta usiuze. Leo akirudi usiiwashe kabisa. Mpe kiti, mpe maji, umwambie bila kuumauma maneno, "Kuna mteja, anataka mdundo mtupu. Wewe mwenzangu unaonaje?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Akisema ashukuriwe Mungu, mwombe radhi, kaeni mzungumze, saa yenu hiyo haihitaji maiki. Akisema hapana, anapenda kuimba, basi usimfanye tena kiraka cha kumridhisha shangazi. Mtengenezee wimbo wake mzima, wenye mwanzo na mwisho, siku asiyokwenda kazini, na huo ndio uupeleke kwenye kundi la ukoo, kwa jina lake.