Pazia la Chumba cha Eda

Likasi, mwezi wa sita

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mtoaji wa pumzi, ambaye kwake kila pumzi hurejea. Rehema na amani zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Dada yangu mpenzi Dunia, salamu zangu zikufikie huko Kasongo ukiwa na afya, maumivu ya magoti yakiwa yamepoa, na wajukuu wakikutii. Sisi tu wazima, ila uzima wetu hautulii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara kadhaa kwenda kusikiliza kifua cha mtoto, na kila nirudipo mwandiko wangu haufanani na wa mstari uliotangulia.

Ulipoondoka baada ya maziko ya mwanangu Amuri, ulimwacha mjane wake Fatou chumbani akikaa eda, na Djibril mchanga mapajani mwake. Ulitundika pazia zito dirishani kwa mikono yako mwenyewe, ukaagiza mtoto asitolewe nje hadi utakaporudi eda itakapokwisha. Tulikutii. Kiangazi kikaingia na baridi yake, malori ya madini yakatimua vumbi, nasi tukaona pazia lina hekima.

Kisha kikohozi kikaanza. Kwanza tulisema ni mafua. Halafu mbavu zake zikawa zinazama kwa kila pumzi, tukamkimbiza hospitali, na dawa za nimonia zikamrudisha. Tukalifunga pazia vizuri zaidi, naye akaugua tena. Daktari Philomène, mama mwenye sauti kali na mikono ya upole, alimpapasa mbavu, akanigeukia: “Mwalimu, huyu mutoto aliona juba siku gani?”

Mimi niwafundishaye watu nyakati za sala kwa mwendo wa hilo juba, jua lenyewe, nilihesabu siku za pazia, nikakiri kwamba hajaliona tangu ulitundike.

Alinieleza kwa subira kwamba ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa na kuusaidia mwili kupambana na magonjwa ya kifua. Kwamba maziwa ya mama huwa nayo kidogo, hasa mama mwenyewe akikaa gizani. Na kwamba mbavu zilizolegea hazivuti pumzi ipasavyo. Hakusema kwamba jua ni dawa ya nimonia. Dawa alitupa, akaongeza matone ya vitamini ya kumdondoshea mtoto kinywani kila siku, na akaagiza tumtoe nje asubuhi, upande usio na vumbi.

Nilirudi nikafungua vitabu vyangu. Eda humzuia mjane mapambo, posa, na kutoka nyumbani pasipo haja. Uani ni nyumbani. Na mtoto hana eda. Asubuhi iliyofuata nikamtoa Fatou uani pamoja na mtoto wake, tukawakalisha juani.

Jirani yetu Albertine alichungulia juu ya ukuta, akauliza kwa kicheko kama sasa “munaanika mujane sawa muhogo.” Fatou, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba, aliziba mdomo kwa mtandio. Djibril alipopigwa na mwanga alipiga chafya, nasi sote tukaruka tukidhani ugonjwa umerudi.

Naam, dada, pazia nimelishusha. Najua kwa nini ulilitundika, na si kwa ajili ya vumbi. Ulimkumbuka Kassim, mdogo wetu, aliyekufa akikohoa wakati mama yuko katika eda ya baba, katika chumba kilichofungwa vivyo hivyo. Watu walisema baba amemwita, nasi tukakua tukiliamini neno hilo. Umemficha Djibril ili Amuri asimwone.

Lakini Kassim naye alifichwa, dada. Sijui kilichomuua; Mungu ndiye ajuaye, wala sisemi kwamba jua lingemwokoa. Nasema tu kwamba wafu hawawaiti watoto wao. Amuri alimpenda mwanawe, nami sitakubali tumfanye mwizi wa roho yake.

Djibril bado anakohoa kidogo, nami bado nainuka. Ukija, njoo kwa furaha, ila usije na pazia jingine. Lile lako Fatou amelifua, na kila asubuhi twamlaza mtoto juu yake, uani.

Mwenyezi Mungu akulinde, aijaze nyumba yako nuru, awape wote walio chini ya dari yako pumzi nyepesi na usingizi wa amani.

Mdogo wako,
Mwalimu Ramazani