Dada Winfrida na Mikungu Kumi na Minane

Ni mwaka mmoja sasa, dada Winfrida, tangu homa ya mapafu ikuchukue asubuhi ya Julai 3, 2001. Cherehani yako haijanyamaza. Ipo palepale dirishani, inapunguza mitumba ya watu, kwa mikono uliyoifundisha wewe.

Mimi mdogo wako Jotham ndiye ninayeandika kwa niaba ya nyumba nzima. Usikasirike nikikutania, wewe ulinitania miaka yote bila kuomba ruhusa.

Kwenye kwaya uliimba kwa nguvu hata wimbo usioujua. Kila asubuhi ulipita kwanza kwa wagonjwa, ndipo ukaja kufungua kazi. Wateja walikungoja kila siku, na kila siku walikusamehe.

Machi 1993 tulimzika binti wa jirani yetu pale Kawetele, aliyekunywa dawa za kutoa mimba. Ulirudi kutoka makaburini ukasema kulia peke yake hakutoshi. Ukawakusanya vijana wa kigango, Wakatoliki kumi na wanane kati ya majirani wengi Wamoraviani, mkaandika mabango ya kuwatetea watoto ambao hawajazaliwa. Siku ya soko mkashika njia kwenda Tukuyu.

Mabango mliyaandika juu ya maboksi, kwa rangi ya maji. Rangi ya maji, dada, Tukuyu, mwezi wa tatu! Mlipofika sokoni mvua ilikuwa imefuta kila herufi, na mlikuwa mmebeba maboksi matupu yaliyolowa. Soko zima lilicheka. Mama mmoja muuza ndizi akauliza, "Gwe, wewe, mnauza maboksi?" Ukamweleza mlichokuja kusema. Hapo akaacha kucheka.

"Na wakizaliwa, atawalea nani? Ninyi?"

Ulipanda juu ya kreti la soda.

"Ndiyo, sisi! Binti yeyote mwenye mimba aliyefukuzwa kwao, aje Kawetele, kwa Mzee Jairo katekista!"

Mzee Jairo ni baba yetu, naye hakuwa na habari. "Umeahidi nyumba ya nani?" alikuuliza ulipofika nyumbani. Baba akawaza, kisha akasema, "Haya. Neno limetoka mbele ya watu, haliwezi kurudi."

Siku ya nne akaja Hellen kutoka Suma. Alikuwa na miaka kumi na minane, na kwenye fundo la kanga yake kulikuwa na dawa aliyopewa na yule aliyempa mimba. Baba yake, Mzee Ambindwile, alikuwa amemwambia mbele ya majirani kwamba hana binti. Hukumhubiria. Ulimpa chai, ukampisha kitandani kwako, na mimi nikafukuzwa chumbani kwangu ili wewe upate pa kulala. Siku yake ya tatu kwetu aliitupa ile dawa chooni kwa mkono wake mwenyewe.

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana mwenye sauti kama yako. Ndipo ulipobuni maandamano yako ya pili, na safari hii hukuandika bango hata moja.

Kwetu ndizi za mzazi, mama aliyejifungua, hupelekwa nyumba aliyomo, na zikishafika hazirudishwi. Hilo analijua kila mtu Rungwe. Basi mlijitwisha mikungu kumi na minane, kila kijana wake, mkaimba kutoka Kawetele hadi Suma, mkaipanga mlangoni kwa Mzee Ambindwile.

"Ndizi za mzazi hizi, baba," ulimwambia ukiwa umepiga magoti.

"Hapa hakuna mzazi."

"Anakuja, baba. Yuko nyuma yetu."

Mzee aliitazama ile mikungu. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Hellen akatokea mwisho wa mstari, mtoto mgongoni, akasimama mbali akiogopa kusogea. Mama yake hakungoja ruhusa ya mtu: alipiga kigelegele akamkimbilia. Mzee akanyoosha mikono akapewa mtoto, akamshika muda mrefu. "Atuganile," alisema mwishowe, yaani ametupenda. Jina likawa hilo.

Dada, ulishinda! Tunalisema hilo bila haya. Tangu siku ile mabinti kumi na mmoja wamepita nyumbani kwetu, na kila mmoja amepelekewa mikungu yake. Mama, ambaye ndiye aliyewapikia wote, bado anasema, "Mbombo ngafu," yaani kazi ngumu, kisha anaongeza maji kwenye chungu.

Jumamosi hii, baada ya Misa ya kukuombea, vijana wa kigango watapeleka ndizi kwa mzazi mpya kule Kyimo. Atuganile, mwenye miaka minane, ameomba atangulie mbele ya wote. Mkungu mzima utamshinda, kwa hiyo atabeba vichane viwili.

Unakumbukwa na baba yako Mzee Jairo, mama yako Anyelwisye, mimi mdogo wako Jotham, Hellen anayeshona kwa cherehani yako, na Atuganile. Mzee Ambindwile wa Suma naye alikuja juzi kwa miguu. Aliomba tumwandike hapa, pamoja na ndugu, kama baba wa mabinti wawili: Hellen na wewe.

Daima tutakukumbuka, dada, na mikungu haitarudi.