Ugali wa Baba Mdogo na Mayai ya Mama

Tata,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyojifunza kuisoma mwenyewe, kule Kericho ulikochuma majani chai ukiwa kijana. Barua za shule zikija kwa Kiingereza ulikuwa unampelekea Baba Mdogo akusomee. Hii sitaki ipitie kwake.

Mwezi wa tano sasa, baba yangu, tangu tukuzike. Ng'ombe mwekundu alizaa dume. Pareto imechanua kote kwenye mteremko na Mama anaichuma peke yake, kwa kuwa wale wanawake wa Birongo waliokuwa wakichuma naye wakiimba hawaji tena. Nitakueleza kwa nini. Nina chuki, Tata. Naenda nayo kanisani kila Sabato, nakaa nayo kwenye benchi, tunasimama pamoja kuimba, tunarudi pamoja nyumbani.

Siku ya mazishi Baba Mdogo alisimama kando ya kaburi lako na lile koti lake la ualimu mkuu, akatoa hotuba ndefu, unajua anavyopenda watu wamsikilize. Halafu akasema, pole pole, kama anayesoma imla: "Ndugu yangu hakuuawa na sukari. Ameuawa na mafuta. Na aliyempikia mafuta hayo mnamjua."

Kila mtu alimtazama Mama. Unajua kwetu maneno hayo yana uzito gani. Mtu akifa, swali la kwanza ni nani alimpikia. Kuanzia mchana ule hakuna aliyetia mkono kwenye chakula cha Mama. Wageni wa matanga walikaa nyumbani kwetu na njaa, wakala walichobeba kwenye vikapu. Mama aliupika ugali, akauweka mezani ukifuka moshi, ukapoa pale pale. Jioni tulimpa mbwa.

Ndiyo maana hawaji kuchuma pareto naye. Wangelazimika kunywa uji wake.

Na mimi nilikuwa najua ukweli, nikanyamaza. Si unanijua. Baba Mdogo alizoea kukuuliza mbele yangu, "Huyu msichana wenu, ulimi anao kweli?" Nawe ulicheka kidogo, nami nikaangalia vidole vya miguu.

Acha nianze mwanzo, maana nataka niyaseme yote, hata yale yanayonichoma mimi.

Unakumbuka dresa wa zahanati ya Keumbu, yule mganga msaidizi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ni yeye aliyekwambia una ugonjwa wa sukari, akasema wanga ndio adui: punguza ugali, acha viazi, acha ndizi, acha uji. Kula mayai, maziwa lala, maharagwe, parachichi, mboga zilizotiwa samli. Akanipa mimi kichupa cha dawa ya buluu na mrija wa kioo, akanionyesha namna ya kutia matone ya mkojo na kuchemsha juu ya taa. Ikibaki buluu, vizuri. Kijani, sukari kidogo. Ikiwa nyekundu kama tofali, hatari. Akasema niandike kwenye daftari ulichokula na rangi niliyoiona asubuhi iliyofuata. Nilijivuna sana. Nikajiona mimi ndiye daktari wako.

Halafu Baba Mdogo akaja na lile gazeti lake la ng'ambo. Alikaa kwenye kiti chako, akatufasiria Kiingereza mstari kwa mstari. Daktari wa huko alisema mafuta ndiyo yanayoharibu mwili wa mwenye sukari. Acha mayai, acha samli, acha maziwa, acha parachichi. Nafaka yenye makapi yake haina ubaya. Wazee wetu waliishi kwa wimbi. Mama akamwambia kwamba dresa amesema kinyume. Baba Mdogo akauliza dresa huyo amesoma hadi darasa gani. Mama akajibu kwamba dresa angalau amemwona mgonjwa, gazeti halijamwona. Wewe ulicheka hadi ukakohoa, na yeye akakunja gazeti lake kama mtu aliyetemewa mate.

Tangu hapo nyumba ikawa na mabishano ambayo hayaishi. Mama akikuwekea yai, Baba Mdogo anasikia. Mama Mdogo, mke wake, akikupikia ugali wa wimbi, Mama anasikia. Na wewe, Tata, hukutaka kumkasirisha mtu yeyote. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wako wa pili.

Mchana ulikula kwa Mama: mayai mawili, maziwa lala, mboga ya chinsaga iliyomiminiwa samli. Jioni ulipita kwa ndugu yako ukakuta meza imeandaliwa, na kwetu mtu hakatai chakula cha mke wa ndugu yake akaondoka salama. Ukala ugali wa wimbi, viazi vitamu, ndizi mbivu. Ulikula ruhusa za wote wawili. Makatazo yao, hukushika hata moja. Kila mmoja alidhani unamtii yeye.

Na dresa alipokuuliza, "Mzee, leo umekula nini?" ukamjibu kwamba hujala kitu tangu asubuhi. Hukudanganya. Ulikuwa umekula viazi vinne na ndizi na bakuli la uji, ila kwetu hicho si chakula, chakula ni ugali. Yule dresa alitoka pwani, angejuaje. Mimi nilikuwa nimesimama hapo karibu na mlango, nimekiona kila kiazi, na sikufungua mdomo. Nilimwonea haya. Ndiyo hivyo tu, haya. Hakuna sababu nyingine ninayoweza kuiandika.

Sasa lile lingine. Siku za mwanzo niliandika tofali kila nilipoiona. Halafu asubuhi moja mrija ulipokuwa mwekundu kabisa tena, ulikuja jikoni, ukautazama juu ya taa, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, andika kijani. Mama yako ataenda kugombana kule." Nikaandika kijani. Mara ya pili hukuniomba hata, ulinitazama tu. Mara ya tisa hukuhitaji kunitazama.

Siku tisa, Tata. Nimezihesabu mara nyingi kuliko sala zangu.

Halafu jembe likakukata kidole cha mguu kwenye pareto, kidonda kikakataa kupona, mguu ukawa mweusi, na tulipokufikisha hospitali ya Kisii ulikuwa tayari unapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala. Sitaki kuandika zaidi kuhusu zile siku mbili za hospitali.

Baada ya matanga wazee wakaitisha kikao cha ukoo kumzungumzia Mama. Nilisikia Mama Mdogo akisema kisimani kwamba heri arudi kwao kabla hajaua mwingine. Alisema nikiwa nateka maji hatua tatu kutoka kwake. Alijua siwezi kumjibu.

Usiku huo sikulia. Nilitoa daftari, nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikapitia zile siku tisa moja moja. Kando ya kila moja nikaandika: Hapa niliandika kijani. Ilikuwa tofali. Nilidanganya.

Kikao kilikuwa Jumapili, nyumbani kwetu, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mikeka. Mama alikuwa amepika kama kawaida, chungu chake kimefunikwa, hakuna anayekitazama. Baba Mdogo alikaa katikati. Nilijua siwezi kusema mbele ya watu hao wote. Lakini nilijua pia kwamba yeye hawezi kupewa karatasi mbele ya watu akaacha kuisoma. Nikaenda hadi mbele yake, nikapiga goti, nikamtolea daftari kwa mikono miwili.

"Baba Mdogo, tusomee."

Akacheka, akawaambia wazee kwamba leo bubu wetu amesema, mvua itanyesha. Watu wakacheka pia. Akafungua, akasafisha koo, akaanza kwa ile sauti ya darasani:

"Jumatatu. Nyumbani: mayai mawili, maziwa lala, mboga. Hakwenda popote. Rangi ya asubuhi: kijani. Jumanne. Nyumbani: mayai, parachichi. Kwa Baba Mdogo: ugali wa wimbi, viazi vitamu vinne, ndizi mbivu tatu. Rangi ya asubuhi: tofali."

Akaendelea kidogo. Kwa Baba Mdogo, tofali. Kwa Baba Mdogo, tofali. Sauti ikawa inashuka kama redio inayoishiwa betri. Akataka kulifunga, akasema ni mambo ya kitoto. Ndipo kaka yako mkubwa, yule asiyesikia vizuri sikio moja, akamwambia, "Soma, mwalimu. Gazeti ulitusomea hadi mwisho."

Akasoma. Nilikuwa namtazama usoni, Tata, sikuangalia vidole vyangu. Nilifurahi. Nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuiungama kwa mchungaji. Kila neno lilitoka kinywani mwake mwenyewe na nikatamani daftari lingekuwa nene zaidi.

Halafu akafika kwenye wino mwekundu, na uso wake ukapata uhai.

"Kumbe," akawaambia wazee, "mtoto anakiri mwenyewe kwa mkono wake kwamba ni mwongo. Daftari la mwongo lina faida gani kwetu?"

Watu wote wakanigeukia. Mama naye. Mama hakuwa amejua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kumwona akijua.

Nilisema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Nilidanganya kwa sababu Tata aliniomba. Aliniomba kwa sababu alikuwa amekula kwako. Hakutaka ugombezwe."

Nilikuwa na mengine, lakini hayo ndiyo yaliyotoka.

Ndipo Nyanya, mama yako, ambaye tangu akuzike hajawahi kumaliza hata kikombe cha chai, akanyoosha mkono kutoka kwenye mkeka wake. Akasema ana njaa, na angependa ugali wa mke wa mwanawe kabla haujapoa. Mama akamletea. Nyanya akamega, akatowea, akatafuna na yale meno yake machache huku ukoo mzima ukimtazama kama unasubiri aanguke. Hakuanguka. Akaomba mboga zaidi. Shangazi mmoja akasogea, akamega. Halafu mwingine.

Baba Mdogo alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Suala la Mama kurudi kwao halijatajwa tena.

Ningeishia hapa ningekuwa nakudanganya kwa mara ya kumi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kisii kuchukua blanketi lako lililobaki hospitalini. Nilimkuta yule daktari aliyekupokea, nikamwuliza, kwa Kiingereza, huku jasho likinitoka, ni nani alikuwa amesema kweli, dresa au gazeti. Alinikalisha. Akasema hata madaktari wenyewe wanabishana. Wapo wanaosema uondoe wanga, na wapo wengine siku hizi wanaosema ubakize nafaka na makapi yake, uondoe mafuta. Akasema gazeti halikuwa la uongo. Akasema baba yangu angeshika njia moja, yoyote ile kati ya hizo mbili, na kile kidonda kikaletwa mapema, labda. Aliishia kwenye labda.

Kwa hiyo Baba Mdogo hakukuua. Si peke yake. Ni yeye, na adabu zako, na zile rangi zangu za kijani.

Jumatano Baba Mdogo alikuja. Mama alikuwa shambani. Alisimama mlangoni, hakuingia, amekonda, kola imekuwa kubwa shingoni. Wanasema siku hizi hasomi tena matangazo kanisani. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nasikia ulimwona daktari. Alisemaje kuhusu lile gazeti langu?"

Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Sikumwuliza," nikasema.

Akabaki akizungusha kofia mikononi, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nilimtazama hadi akavuka kijito. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa woga. Siku hiyo nilinyamaza kwa kutaka, na Mungu anisamehe, kulikuwa na utamu.

Hajakanusha aliyosema kaburini. Hajamwomba Mama radhi. Wapo wanawake watatu bado wanaosema wameshiba wakifika kwetu, na wale wa Birongo hawajarudi kuchuma; wote wanamsikiliza yeye.

Basi nakuaga, Tata, na ahadi yangu ni hii. Siku Baba Mdogo atakapokuja mchana, barabara ikiwa na watu, aketi mezani kwa Mama, ale ugali wake kwa yai lake lililokaangwa kwa samli, amalize sahani na kusema ameshiba, siku hiyo nitamwambia kwamba gazeti lake halikuwa la uongo. Nitamwambia mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote. Kabla ya hapo hataipata sentensi hiyo kutoka kwangu, hata nikizeeka nayo.

Lala salama. Pareto yako tunaipalilia.

Mwanao,
Kwamboka