Uji wa Ladislas

Katumba, Mpanda
14 Agosti 1996

Kaka yangu mpendwa Celestin,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini hapo Tabora nyie wote hamjambo, wewe, wifi na watoto. Huku mahindi yapo ya kutosha, ila nyumbani si kuzuri.

Mama alipofariki nilikuandikia maneno machache tu, kwamba kifua kikuu kimemchukua. Sikukwambia alifia wapi. Alifia kwenye bani la kukaushia tumbaku. Mdogo wetu Ladislas ndiye aliyemhamishia huko, akisema kikohozi kile hakiwezi kulala nyumba moja na Emelyne mkewe, mwenye mimba. Mama hakubisha. Alichukua mkeka wake akaenda. Kila nilipokuja kumwogesha, Ladislas alisimama mbali akinifokea nisiguse vyombo vya nyumbani kwake.

Sasa yeye mwenyewe anatema damu. Amemeza dawa, amechomwa sindano, hakuna nafuu. Makohozi yake yalipelekwa Dar es Salaam, na juzi daktari alituita. Alisema vijidudu vyake vimebadilika, dawa zilizopo haziviui tena. Mtu akimeza dawa nusunusu, vinakufa vile dhaifu. Vichache vilivyozaliwa tofauti vinabaki na kuzaana. Akamuuliza Ladislas kama aliwahi kutumia dawa hizo zamani. Ladislas akaapa hajawahi, akasema huu ni uchafu wa mama.

Kaka, aliwahi. Mama aliniambia mle banini, karibu na mwisho wake. Zamani, alipokuwa akipewa vidonge vya kumezea nyumbani, Ladislas naye alianza kukohoa. Alikuwa anachumbia, akakataa katakata kupimwa, maana wazazi wa Emelyne wangemnyima binti. Basi mama akawa anameza nusu ya vidonge vyake, nusu anavisaga na kumtilia kwenye uji. Wote wawili walipata nafuu, harusi ikafungwa. Aliniomba nisimwambie, asije akajilaumu.

Nimemwambia. Nilimwambia palepale mbele ya daktari, na nilitaka aumie. Akasema, “Kumbe ni yeye aliyeniua.”

Nikamgeukia daktari ili ampinge. Hakumpinga.

Emelyne amerudi kwao na kichanga. Ladislas namhudumia mimi, lakini hatusemezani.

Mume wangu Onesphore anakusalimu sana. Wifi mshike mkono kwa niaba yangu, na watoto uwabusu.

Ni mimi dada yako,
Donatille