Mtamba wa Bwana Jesper na Uwanja wa Mawe Stars

Mpendwa mshauri, Mama Achola, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu nikianza na aibu yangu utadhani sisi watu wa Kitengela hatuna la kujivunia, na tunalo, tena kubwa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, Mkamba, nimeolewa, nina duka la misumari na mabati, na tangu 1998 nimekuwa katibu wa timu ya mpira ya Mawe Stars, iliyoanzishwa na wachimba mawe wa hapa na kulishwa na mwenye machimbo, ambaye machimbo yalipofungwa mwaka jana aliiuza kwa mwekezaji wa Denmark anayeitwa Bwana Jesper bila kutuuliza, tukasikia tu redioni kwamba tunahamia Nairobi na jina linabadilishwa. Mama Achola, tulikataa! Cheti cha usajili kilikuwa kwenye sanduku langu, na kinasema timu ni mali ya wanachama, si ya mwenye machimbo, basi tulijaa uwanjani na nikamwambia wakili wake wa tai nyekundu, "Bila sahihi zetu mmenunua mipira sita na filimbi," na watu wakapiga vigelegele hadi akafunga mkoba. Bwana Jesper hakukasirika, alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi akanywa chai, tukazungumza wiki sita, na mwisho wake wanachama tumebaki na hisa hamsini na moja kwa mia, jina linabaki, mechi za nyumbani ni hapa hapa, naye analeta kocha, viatu na mishahara ya vijana.

Sharti moja tu aliloweka ni kwamba uwanja upate mkataba wa kukodi ulioandikwa, na usipopatikana ana ruhusa ya kuipeleka timu Nairobi. Hilo halikututisha kwa sababu uwanja uko kwenye shamba la Mzee Saning'o, alilopata ranchi ya kikundi ilipogawanywa, ametuachia tucheze bure miaka yote, naye akasema atatia sahihi. Siku hiyo alimpa Bwana Jesper mtamba mwekundu mbele ya watu, akamwambia kuanzia leo wataitana Paashe, maana Wamaasai wakipeana mtamba huacha majina yao wakaitana kwa jina la zawadi. Bwana Jesper hana zizi, akamwacha mtamba kwangu akapanda ndege kwenda kwao kuleta makaratasi.

Jumapili iliyofuata tukacheza Kajiado mechi ya mwisho, na dakika ya themanini na nane Kuntai, mshambuliaji wetu, akafunga kwa kichwa, tukapanda daraja kwa mara ya kwanza tangu timu izaliwe, nikapoteza kiatu kimoja na sikukitafuta. Tulirudi na umati mpaka kwangu, buchani nyama imekwisha, vijana wana njaa, na mimi kwa furaha ile nikamwona mtamba amesimama pale. Kwetu mgeni akipewa mnyama wakati wa sherehe ni wa kuchinjwa, nikasema mwenye mali atafurahi, chinjeni. Tukala, tukaimba.

Asubuhi Timothy, mwana wa Mzee, akaja na chumvi ya ng'ombe, akaona ngozi kwenye ua. Akaniuliza, "Mama Roy, hii ni nini?" Nikaona uso wake nikajua nimefanya jambo baya kuliko nilivyodhani, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni mzungu alipiga simu akasema tuchinje."

Sasa Mzee amesema hatatia sahihi. Aliniita akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko kelele, "Mimi nilimpa mtu ng'ombe ya kuzaa, ndio watoto wetu wajuane. Yeye amekula jina yangu na chumvi juu. Huyo simpi mchanga hata ya kujaza kiatu." Bwana Jesper anafika Alhamisi na hajui lolote, Jumamosi ndiyo siku ya kutia sahihi mbele ya wanachama wote, na Mzee akikataa timu inaondoka, kwa ajili yangu mimi niliyeizuia isiondoke. Mume wangu ananiambia, "Nyamaza, mzungu ataenda kwao na wewe utabaki hapa na hawa watu." Nikisema ukweli nitavuliwa ukatibu na kuchekwa sokoni, na nisiposema sijui nitalalaje. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Katibu Mwenye Aibu, Kitengela, Machi 2006

Mama Achola anajibu:

Mama Roy, unaniomba nifiche jina lako, halafu unanipa timu, duka, mji, mwana wa Mzee na hata jina la mtoto wako! Kwa sababu Jumamosi isingelisubiri gazeti, jibu hili nilikusomea kwa simu Jumatatu. Ulilia, nikakungoja umalize, nikaendelea, na wasomaji sasa wapate waliyokosa.

Kwanza, hongera. Nimeandika ukurasa huu miaka kumi na mbili, na barua nyingi ni za watu waliouziwa kitu chao wakakaa kimya. Ninyi hamkukaa. Mlimwambia mwenye pesa abaki nazo mpaka aje kuongea, akaja, akakaa kwenye benchi. Nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti hapa ofisini na mhariri mzima akapiga meza.

Sasa nikugombeze. Kuchinja mtamba ni kosa la mtu asiyejua, na nina hakika Mzee angelisamehe kabla chai haijapoa. Lakini umeishi na Wamaasai miaka mingapi? Ulisikia wakipeana jina mbele yako na hukuuliza hata jirani maana yake. Hilo nalo nakuachia. Kinachonikera ni uongo wako, kwa sababu ulichagua uongo ambao kila mtu angeuamini bila kuuliza. Ulijua ukisema "mzungu" hakuna atakayempigia simu kuhakikisha. Yule mtu alikunywa chai nanyi wiki sita, akakubali kuwa mdogo kwenye timu aliyoinunua, na wewe ukamtwika kosa lako akiwa mbali kwao. Haya!

Mume wako simlaumu, anakupenda kwa woga. Usimsikilize.

Ninakwambia hivi. Kesho asubuhi nenda kwa Mzee Saning'o wewe mwenyewe. Usimtume Timothy, usimtume mchungaji, usibebe sukari ya kulainisha maneno. Mwambie, "Mzee, ni mimi." Ukimaliza hapo nyamaza, mwache aseme yote anayotaka. Uende na mtamba wako mwenyewe, si wa kukopa, umlipe mzee wa watu. Alhamisi mpokee Bwana Jesper na umwambie kabla hajasikia kwa mwingine. Na Jumamosi, kabla ya kalamu yoyote kugusa karatasi, simama uwaambie wanachama. Wao ndio wenye timu sasa, ulipigana wawe hivyo, na mwenye mali haambiwi uongo na katibu wake. Wakikuvua ukatibu, utavuliwa ukiwa na uwanja. Hiyo ni biashara nzuri, na wewe ni mwenye duka, unajua.

Barua yake ya pili ilinifikia Jumanne ya wiki iliyofuata, na ameniruhusu niitoe:

Mama Achola, umenipa shauri zuri na kosa moja. Nilipofika kwa Mzee na mtamba wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sikupoteza ng'ombe, Mama Roy. Ile ilikuwa ya Jesper. Peleka kwa yule umeibia." Nikaona haya kwa sababu sisi wawili tulisahau hata mtamba alikuwa wa nani.

Alhamisi nikamwambia Bwana Jesper. Alishika kichwa, akauliza kama angalau nyama ilikuwa tamu, nikamwambia ilikuwa tamu sana, akacheka mpaka akakaa chini. Alikubali kumpokea mtamba wangu, akamwomba Mzee amchungie pamoja na ng'ombe wake, na Mzee akakubali.

Jumamosi uwanja ulijaa. Nilisema yote, nikaweka muhuri wa timu mezani na kusema najiuzulu. Halafu Evalyne, anayeuza mboga na ndiye mwanachama namba tatu, akasimama akasema, "Wewe tutakugombeza Jumatatu. Leo kuna kazi. Chukua muhuri yako!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, na sijui nani alianza wimbo. Mzee Saning'o akaja mbele, akavaa miwani, akamfanya Timothy amsomee mkataba wote, wa miaka thelathini na mitatu, mara mbili kwa Kimaasai, akatia sahihi bila kuharakishwa na mtu, nikagonga muhuri juu yake kwa mkono huu huu.

Mechi ya kwanza ya daraja jipya ni Jumapili saa tisa, na wageni watakuja kwetu.