Usingizi wa Saa Saba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na Baba ameacha kubishana na redio. Mimi mwili ni mzima. Mengine nitayasema, maana nimeshararua barua mbili kabla ya hii.

Uliuliza kama Sindano hajambo, na kwa nini siku hizi simtaji. Wewe ndiye uliyempa jina hilo alipokuja nyumbani likizo, kwa wembamba wake, ukamjazia sahani mara tatu na kumwita mkwe mpaka nikakosa pa kuuweka uso. Jina limemfaa hata huku, kwani kati yetu madaktari tulio mafunzoni hakuna anayeupata mshipa wa mgonjwa haraka kama yeye.

Sindano hayupo kazini, Mama. Amesimamishwa.

Ilikuwa hivi. Idara ilituanzishia fomu ya ustawi. Kila Ijumaa kila mmoja aandike amelala saa ngapi kwa siku, amekula mara ngapi, na chini kabisa kuna swali: je, kuna jambo linalokusumbua? Mimi nilichaguliwa kiongozi wa wenzangu kumi na mmoja, kazi yangu kuzikusanya. Mkuu wa idara alizipenda sana fomu zetu. Alinisifu mbele ya madaktari bingwa kwamba kundi letu lina afya kuliko yote, nami nikavishwa kilemba cha ukoka, nikatembea nacho wadi nzima.

Ijumaa moja, Sindano akiwa zamu siku ya pili mfululizo kwa kuwa wenzetu wawili waliugua, aliandika dawa ya kisukari ya kitanda cha sita kwenye faili la kitanda cha tisa. Mzee wa kitanda cha tisa akapoteza fahamu. Muuguzi aliwahi, mzee akazinduka, na sasa yuko kwake. Lakini kosa ni kosa. Sindano akaitwa mbele ya kamati, nami nikaitwa kama kiongozi.

Alikiri bila kuzungukazunguka. Akaeleza tu kwamba hakuwa amefumba jicho tangu jana yake. Mkuu akatoa karatasi kwenye faili.

“Fomu yako ya siku hiyohiyo inasema umelala saa saba kila siku. Tukuamini wewe au tuiamini hii?”

Sindano aliishika, akaitazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Akasema, “Sina la kuongeza.”

Mama, ile saba ilikuwa na kistari katikati, kama ulivyonifundisha pale mezani jikoni ili isifanane na moja. Niliiandika mimi. Fomu zote nilizijaza mimi, miezi minne, kwenye chumba cha chai, kwa kalamu mbili tofauti. Wenzangu hawakuwa na nafasi hata ya kwenda haja, fomu zikawa zinachelewa, nikaogopa kuonekana kiongozi mbovu. Huyu nikampa saa saba, yule saa nane, Sindano nikamwongezea na matunda kila siku. Na mbele ya kamati nilijitia hamnazo, nikatazama viatu vyangu. Naona haya, Mama. Naona haya hata kukuandikia wewe uliyeniogesha.

Baadaye nilimfuata nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akajibu kwamba alikuwa akingoja nijitaje mwenyewe. Hiyo ni wiki tatu sasa.

Leo ni Ijumaa. Nimejaza fomu moja tu, yangu. Pale chini, ambapo kila wiki niliandika “hakuna” mara kumi na mbili, nimeandika haya yote mpaka nikageuza nyuma ya karatasi. Nimempa mkuu mkononi. Amesoma, akaniambia niende nikasubiri mpaka nitakapoitwa. Huenda nikarudi kwako bila udaktari. Tafadhali usimwombe mtu yeyote anitetee.

Nisalimie Baba, na umsomee barua yote bila kuruka. Salamu zako kwa Sindano nimezifikisha. Zako amezipokea. Zangu bado.

Ni mimi mwanao,
niliyelala kwa saa mbili